Timu ya Taifa Haina Dirisha la Usajili

Mtu akiuliza atumie mfumo gani na timu ya taifa kwenye Football Manager, mchezo wa kompyuta wa kuwa kocha wa soka, jibu la kwanza huwa lile lile: weka 4-2-3-1 (mabeki wanne, viungo wawili, watatu mbele yao wakiwemo mawinga wawili, na mshambuliaji mmoja), kabeni juu kwenye nusu ya mpinzani, utawafunga wote. Jibu hilo limenichosha. Hakuna anayemuuliza ana wachezaji gani.

Kwenye klabu, haya, sibishi, mfumo huo unalipa. Ukikosa winga wa kushoto unaingia sokoni. Pesa zikikosekana unaazima. Ukikwama kabisa unampandisha kijana wa akademi na kumnoa misimu miwili. Timu ya taifa haina hata moja kati ya hayo. Kama kizazi hiki kimekupa mabeki wa kati watatu wa daraja la juu na hakuna winga wa maana, basi winga huna, na hutampata kabla fainali hazijaanza. Kumchukua kiungo wako bora na kumbandika pembeni ili mpangilio upendeze machoni ni kumwonea.

Louis van Gaal, kocha wa Uholanzi wakati huo, alilielewa hili mwaka 2014. Uholanzi ni nchi inayoiheshimu 4-3-3 kama urithi wa ukoo, lakini kiungo Kevin Strootman alipoumia goti miezi michache kabla ya Kombe la Dunia, kocha akaona safu yake ya kiungo haitahimili. Akaweka mabeki watano nyuma, akawaachia washambuliaji Robben na Van Persie nafasi ya kukimbilia mbele. Alilaumiwa sana kwao. Kisha akaifunga Hispania, bingwa mtetezi, 5-1, na akamaliza wa tatu. Wales nao walifika nusu fainali ya Euro 2016 wakiwa na mabeki watatu wa kati na nyota wao Gareth Bale aliyepewa uhuru wake.

Kwa hiyo mimi huanza na majina. Nawatafuta watano au sita ambao bila wao hakuna timu, nampa kila mmoja nafasi anayoichezea vizuri zaidi, halafu naangalia waliobaki wanajaza wapi. Mara nyingi kinachoamua ni mabeki wa pembeni. 3-5-2 inawataka wapande na kushuka dakika zote 90, na taifa dogo likiwa na mmoja tu wa aina hiyo, kadi mbili za njano zinatosha kuubomoa mpango mzima.

Muda nao ni mchache, hivyo maelekezo yawe machache. Walid Regragui alikabidhiwa Morocco chini ya miezi mitatu kabla ya Kombe la Dunia la 2022, na hadi anaingia nusu fainali alikuwa ameruhusu bao moja tu, tena la kujifunga.

Mfumo wa pili uwepo, lakini uchezwe na wachezaji wale wale kumi na mmoja, ili kiungo mkabaji akishuka kati ya mabeki ubadilike bila kugusa benchi.