Dadu Iliyoapishwa

Jumapili usiku, dakika ya sabini ya mpira, mtoto wa dada yangu anarusha dadu ya ludo juu ya stuli. Ko! Anaandika. Ko! Anaandika. Katika nyumba ya chumba kimoja pale Umoja, hiyo ni sawa na fundi wa mabati kuhamia kwako.

"Hiyo ni nini?"

"Kazi ya hisabati, anko. Nirushe mara 60, niandike kila namba inayotokea."

Mimi hisabati ya KCSE, mtihani wa kidato cha nne, nilipata B, na sijawahi kumnyima mtu habari hiyo. Dadu ina pande sita, nikamwambia, kila upande nafasi yake ni moja kwa sita, sitini gawa kwa sita ni kumi. Kwisha. Andika moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, urudi mwanzo, mara kumi. Kijana akanitazama kama utingo anayeona matatu ikirudi nyuma kuelekea mtaroni. Lakini kwetu mtoto habishani na mjomba.

Jumatano nikaitwa shuleni.

"Mzazi, karibu." Mwalimu wa hisabati, mama mpole mwenye kikombe kikubwa cha chai. Upole wa aina hiyo huwa nauogopa. Akafungua daftari. "Uwezekano wa kinadharia, yaani wa kukokotoa: kumi kumi. Uwezekano wa majaribio, yaani wa kurusha kweli: kumi kumi. Dadu yenu iliapishwa na nani?"

Nikasema labda ni bahati. Akavuta kalkuleta. Tuache hata hilo gwaride la moja mpaka sita, akasema. Kupata kumi kamili kila upande hutokea kama mara moja katika majaribio 13,000, na kila jaribio ni kurusha mara 60.

"Mlianza lini, mzazi?"

Kijana, niliyetarajia anitetee, alikuwa anakagua dari.

Basi nikasimamishwa mbele ya darasa, nirushe mwenyewe, wao wahesabu. Tatu za kwanza: sita, sita, sita. Darasa likalipuka. Kufikia ya ishirini nilikuwa nimeshatambaa chini ya madawati mara mbili, suruali ya kazi hiyo. Tano ikajificha kama mtu anayedaiwa kodi. Ya 38 ikagonga ukuta, ikatumbukia kwenye chai ya mwalimu.

Kimya.

Msichana wa nyuma akainua mkono. "Mwalimu, hiyo inahesabiwa?"

Mwalimu akafikiri. Akainywa chai yote, polepole, sote tunangoja, kisha akachungulia ndani ya kikombe. "Nne. Andika."

Mwishoni ubao ulisoma 7, 13, 8, 14, 6, 12. Kumi haikuwepo hata ya dawa. Nikauliza kama naweza kwenda.

"Bado," akasema, akijimiminia kikombe kingine. "Ukirusha mara 600 ndipo utaona kila upande unavyosogelea moja kwa sita. Ama huamini?"

Kazini nilifika Alhamisi.