Tundu la Kumi

Leo asubuhi kijana wa bodaboda kanigongea kioo pale mataa ya Buguruni. Nilikuwa nimekaa kwa heshima zangu, mkono mmoja kwenye usukani, uso nimeuvalisha ule wa mtu anayesubiriwa kwenye kikao.

"Shikamoo mzee. Namba yako inaburuzika."

Nikaitikia marahaba vizuri kabisa, sauti ya baba mkwe, ndipo yale maneno mengine yakanifikia.

Nashuka, foleni yote nyuma yangu inapiga honi kama inasindikiza bibi harusi. Pleti namba ya mbele inaning'inia kwa skrubu moja, ncha imelamba lami sijui tangu Tabata au tangu juzi, herufi ya mwisho imeliwa nusu. Nikashukuru Mungu imeanzia mwisho. Gari langu ni namba C, yaani herufi zake tatu zinaanza na C, na kadiri herufi hiyo inavyosogea mbele ndivyo gari lilivyosajiliwa karibuni; na mji huu mnaujua wenyewe. Namba E hawanioni, namba D wananiona wakitaka njia, lakini walau nina namba A na namba B wa kuwaonea huruma. Ile C ikifutika, nani ataamini kwamba haikuwa A?

Trafiki alikuwa hatua chache mbele. Kaitazama pleti, kanitazama mimi, katabasamu. Lile tabasamu mnalijua, bei yake elfu 30. Nilimwita afande mara nyingi kuliko kuruta wa wiki ya kwanza, mpaka akachoka mwenyewe: "Nenda kwa fundi sasa hivi, nisikuone tena hivyo." Nikaing'oa pleti nikailaza kwenye dashibodi, ikawa inanitazama njia nzima.

Fundi wangu anakaa chini ya mwarobaini. Na kama ilivyo desturi ya mafundi wote, hakunisalimu mimi, alilisalimu gari. Kachuchumaa mbele ya bampa, kanyamaza muda mrefu kama daktari anayetafuta maneno ya kuwaambia ndugu wa mgonjwa. Kisha akatikisa kichwa.

"Mzee, nani kakufanyia hivi?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Wewe, fundi. Mwezi wa tatu. Hapa hapa."

Kalitazama tena bampa, safari hii kwa jicho la huruma kidogo. "Aa. Siku ile sikuwa na drili yangu."

Basi tukayahesabu matundu. Yalikuwa tisa. Mawili ndiyo ya halali, gari limekuja nayo kutoka Japani, yanaingia bolti ya milimita 6, ile ya spana namba 10. Kasoro ni kwamba pleti ya Wajapani ni fupi na pana, sentimita 33 kwa 16 na nusu, na matundu yake yameachana sentimita 21 tu. Yetu sisi ni ndefu na nyembamba kama rula ya mwalimu wa hesabu. Ukiifunga kwenye yale mawili ya katikati, huku na huku inabaki hewani, upepo wa Barabara ya Mandela unaichapa makofi. Kwa hiyo siku gari linasajiliwa, mtu mwenye drili alitoboa mawili yake. Aliyeniuzia akatoboa mawili mengine, sijui kwa nini, pengine drili ilikuwa mpya. Vijana wa kuosha magari waliling'oa moja kwa bahati mbaya wakaongeza jirani yake kimyakimya. Halafu bajaji ikanibusu, ndipo fundi wangu huyu akaweka yake mawili ya mwezi wa tatu, kwa skrubu za mbao. Nilipomuuliza siku ile alisema mbao na plastiki ni ndugu. Undugu huo ulidumu wiki tatu. Kila tuta nililoruka lilipanua tundu kidogo, mpaka leo kidole changu cha shahada kinaingia na kutoka bila kubisha hodi.

"Safari hii usitoboe," nikamwambia. "Ziba. Nataka uyazibe yote, kisha tupange upya kama watu."

Neno "ziba" lilimshtua kama nimetaja deni. Akalirudia taratibu, "kuziba", akamtazama msaidizi wake, msaidizi akatazama chini. Na kwa vile mjini hapa hujawahi kufungua boneti ukabaki peke yako, watu wakaanza kukusanyika. Mstaafu mmoja aliyekuwa anasoma gazeti la jana akalikunja gazeti, akatoa amri: supaglu na majivu. Majivu yakachotwa kwenye jiko la mama lishe wa jirani, supaglu ikamiminwa, ikafuka moshi, ikawa ngumu kama jiwe. Tukapongezana. Mstaafu akapewa mkono na watu wawili. Fundi akaigusa kwa ukucha, ikabanduka nzima nzima kama gamba la kidonda kilichopona, na bampa halikubaki hata na alama kwamba waliwahi kuonana.

Hapo kijana mmoja mwembamba, begi mgongoni, akajipenyeza. Akasema amesomea mambo hayo chuoni. Akalala chali chini ya gari langu na shati lake jeupe (hapo nikamheshimu), akaita: "Njooni muone." Nyuma ya bampa kumechapwa herufi mbili ndogo, PP. Akalitaja jina lake refu, polipropilini, mara mbili ili tusisahau. Kasema plastiki hiyo haishiki gundi ya kawaida hata uiombe. Dawa yake ni kuyeyusha kipande cha plastiki ya aina ile ile, kukata kingo za tundu mshazari ili kipande kipate pa kukaa, kuzamisha wavu wa waya kwa nyuma, kupiga msasa namba 120 mpaka 400, kupaka rangi ya msingi ya plastiki, ndipo rangi yenyewe. Yalikuwa maelezo matamu. Nusura nilie. Tukamuuliza vifaa viko wapi. Akasema yeye ana cheti.

Fundi wangu hakupenda kufundishwa mbele ya mteja. "Plastiki ni plastiki," akasema, akaondoka kwa hatua za mtu mwenye jibu. Karudi na mfuniko wa ndoo. Wa bluu. Gari langu, kwa taarifa yenu, ni la fedha.

Msumari wa inchi sita ukachomekwa kwenye makaa ya mama lishe, chini kabisa ya chapati, na mama alikuwa ameenda kupeleka chai dukani kwa hiyo hakuna aliyepinga. Fundi akakata mfuniko vipande tisa kama keki ya kipaimara. Msumari ukaja mwekundu, umeshikwa kwa koleo, watoto wakarudi nyuma, moshi mweusi ukapanda, harufu ikaingia kwenye chapati, kwenye koo langu, kwenye gazeti la mstaafu. Kimoja baada ya kingine, fundi akayeyusha, akabonyeza, akapuliza kwa mdomo kama anapooza uji wa mtoto. Mwisho akasimama, jasho linamtiririka, akarudi nyuma kutazama kazi yake. Gari langu lilikuwa na ndui ya bluu. Lakini lilikuwa limezibwa! Nilihisi kitu kama amani.

Kijana wa cheti akaokota kipande kilichobaki, akakigeuza. "Huu mfuniko una pembetatu yenye namba 2, ndiyo aina yake ya plastiki," akasema. "Bampa hili lingekuwa ndoo, lingeandikwa 5. Mbili na tano hazishikani."

"Nani kasema?" fundi akauliza, na kuonyesha kwamba zinashikana akapiga bampa kofi moja.

Tak. Cha kwanza kikaanguka. Tak, tak. Watoto wakaanza kuhesabu kwa sauti, nne, tano, sita, na kile cha tisa kilisitasita, kikaning'inia kwa uzi mmoja wa plastiki, watu wote tumeinama tunakiombea, kikadondoka.

Fundi hakutikisika. Kasema sasa kaelewa ugonjwa, atapitisha waya kwa nyuma, waya haukatai namba yoyote. Nami nikageuka kidogo tu, sekunde mbili, kumjibu mama watoto kwenye simu, nikasikia ile sauti. Mnaijua. Zzzrrr.

La kumi.

"Fundi!"

"Mzee, la kupitishia waya hilo. Dogo."

Hapa niliacha kuwa mtu mzima. Nilipiga kelele mpaka mwarobaini ukaangusha majani. Jamani, kwani kuziba kuna nini? Nyumbani ukuta wa sebule una matundu kumi na moja ya bomba moja la pazia, kila fundi akija anakuta la zamani limelegea, anasogea sentimita mbili, anatoboa lake, anaondoka na hela. Barabara ya mtaani kwetu waliimwagia lami, wiki ya pili yake wakaja wengine kuichimba wapitishe bomba, wakafukia kwa mchanga, mvua ikauchukua, sasa tunalizunguka shimo lile kama kaburi la mzee wa ukoo. Watoboaji wamejaa kila kona. Mzibaji nimtafute wapi, Tanga? Na ukimpata atakuuliza nani kakufanyia hivi!

Wakati napiga kelele, machinga mmoja alikuwa anapita na pangusa za vioo, chaja za simu na takataka zake nyingine begani. Kasimama kusikiliza, maana ugomvi ni burudani. Kisha akaniambia kwa upole, kama unavyoongea na mgonjwa: "Mzee, si uchukue fremu?"

Bapa jeusi la plastiki, refu kama pleti yetu. Katikati lina matundu mawili. Niliomba rula ya mtoto mmoja wa shule nikapima mwenyewe: sentimita 21. Linafungwa kwenye yale mawili ya Wajapani, pleti inakaa juu yake. Elfu nane. Bolti mbili, spana namba 10, dakika nne. Miaka yote hii!

Na fremu ikafunika matundu yote ya zamani, hata alama huioni. Isipokuwa la kumi, ambalo liko pembeni kidogo, kushoto, linachungulia.

Fundi kadai elfu kumi na tano ya uchunguzi. Tukaelewana kwa elfu tano na matusi kidogo. Nikawasha gari, najiandaa kuondoka na hadhi yangu iliyobaki, ndipo mama lishe akarudi. Kaonja chapati. Kaangalia ndoo yake ya maji, iko wazi kama mdomo wangu. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonitisha. "Baba, mfuniko wangu?"

Sasa nawaulizeni, kuna mtu amewahi kuuziwa mfuniko peke yake? Nimezunguka maduka matatu. La kwanza wakacheka. La pili wakaniuliza ndoo ni ya lita ngapi, nikasema 20, wakaniletea ya lita 10 wakasema itabana. La tatu muuzaji kaniambia mfuniko hauachani na ndoo yake, ukitaka huo chukua vyote, elfu tisa. Nikachukua. Mfuniko nikampelekea mama lishe, naye kanipa chapati tatu zilizonusa bampa, kasema zangu hizo, kanikata na hela.

Mama watoto kaniona naingia getini, ndoo nyekundu imekaa kiti cha nyuma kama abiria. "Gari limepona?" Nikamwambia ndoo hii usiiache wazi, haina mfuniko.