Simu Kavu Chini ya Wavu

Juzi mwaloni Kibirizi, Kigoma, nilimkuta kijana anafungua fundo la nailoni kwa meno. Ndani mna simu ya kitochi, kiberiti na kurunzi. Vyote vikavu kau, naye anacheka kwa fahari. Nikamuuliza, "Mdogo wangu, mtumbwi ukipinduka, hilo fundo utalifungua saa ngapi?"

"Aa, kaka, nitafungua tu."

Utafungua tu! Mkono mmoja umeng'ang'ania mtumbwi, wimbi linakupiga usoni, vidole vinatetemeka, na chini yako kuna Ziwa Tanganyika ambalo kina chake kinafika mita 1,470. Hayo meno utayatumia kufungulia fundo au kuombea toba?

Mimi yalinikuta nikitoka Katonga. Upepo wa kusini ulituvamia, mtumbwi ukajaa, tukaogelea. Simu yangu haikupata hata tone: ilikuwa ndani ya kidumu, kidumu kimebanwa chini ya wavu, na wavu mimi siufikii. Waliotuokoa walituona kwa macho, bahati tu kulikuwa bado na mwanga. Kidumu kilipofunguliwa kesho yake, simu ilikuwa inawaka. Mama watoto alikuwa amepiga mara nne.

Ndiyo maana nachoka na hizi hadithi za "nimeifunga vizuri". Kufunga vizuri ni kuifunga mwilini. Chukua mfuko usiopitisha maji, ule wa kukunja mdomo, kunja mara tatu, ubane, uzamishe kwenye beseni ukiwa nyumbani uone kama unatoa mapovu, kisha kamba yake iwe kwenye jaketi lako, si kwenye mtumbwi. Na mifuko hii mbadala tuliyopewa rambo, ile mifuko ya plastiki, zilipopigwa marufuku Juni 2019 isikudanganye. Ile ni chujio yenye mikono. (Sisemi rambo zirudi. Ufukwe ulikuwa aibu.)

Haya, nakubali, simu ni simu, na namba ya dharura 112 inaokoa watu. Mtandao ukiwepo.

Lakini filimbi ya plastiki, ile isiyo na kipira ndani, haijali maji. Iteme maji, puliza mara tatu, pumzika, rudia. CD kuukuu nayo inamulika jua hata ikiwa imelowa chapachapa. Vya namna hiyo havihitaji kufichwa popote, vinahitaji shingo tu.

Yule kijana nilimnunulia filimbi sokoni. Jana nimempitia anasukuma mtumbwi, shingo tupu. Filimbi iko wapi? Akanionyesha fundo la nailoni.

"Nimeiweka humo, kaka, isilowe."