Mchoro Ukikosea, Majaribio Nayo Yamekosea

Vijana wanaoziandikia programu kampuni za utalii za Arusha na Moshi wengi hujaribu kazi yao kwa mkono: fungua, bofya, lipa shilingi elfu moja, tazama kama risiti imekuja. Wanaotetea njia nyingine wanasema chora mchoro wa hali, yaani picha ya hali ambazo kitu kinaweza kuwa nazo na mishale ya matukio yanayokitoa hali moja hadi nyingine, kisha iachie mashine itoe kesi za majaribio yenyewe. Wazo si geni. Mtafiti T. S. Chow alilionyesha mwaka 1978, mwanasayansi wa kompyuta David Harel akaleta michoro yake ya hali mwaka 1987, na leo zana ya bure kama GraphWalker inatosha kuanzia.

Chukua nafasi moja ya safari. Ina hali nne: imeshikiliwa, imelipiwa, imethibitishwa, imefutwa. Matukio nayo ni manne: malipo kuingia, ofisi kuthibitisha, mteja kufuta, muda wa kulipa kwisha. Ukichora kama ofisi inavyokueleza, utapata mishale sita, na majaribio manne tu yanaipitia yote. Mtu anayebofya kwa mkono kwa kawaida atapita njia ya mteja mwema, na pengine ile ya kufuta, basi.

Ila utamu hauko kwenye mishale. Zipange kwenye jedwali: hali nne mara matukio manne ni vyumba 16. Sita vina mshale, kumi vitupu. Kimojawapo: pesa inaingia kwenye nafasi iliyokwisha kufutwa. Mteja amelipa kwa simu dakika ya mwisho, taarifa ya mtandao ikachelewa, muda ukaisha, kiti akapewa mwingine. Je, arudishiwe pesa, atafutiwe tarehe nyingine, au mfumo ukae kimya na pesa ya watu? Jedwali litakuonyesha chumba kitupu. Jibu halina budi kutoka kwa mwenye kampuni. Na hapo, kwa maoni yangu, mchoro umeshalipa gharama yake kabla jaribio hata moja halijaendeshwa.

Wapinzani wana hoja nzito pia. Mchoro hukua kama magugu. Kundi la wapandaji kumi wa Kilimanjaro, kila mmoja akiwa hajalipa, amelipa au amejitoa, lina hali 59,049. Mtetezi atajibu kwamba ukihesabu wangapi wako katika kila hali, bila kujali ni nani, zinabaki 66. Kweli. Lakini kulijua hilo ni ujuzi wa kuchora, nao haupatikani kwa kupakua zana. Tena kesi zinazotoka ni za kinadharia: "malipo yaingie". Lazima mtu aandike msimbo (maandishi ya programu) wa kuunganisha maneno hayo na programu halisi, na kila skrini ikibadilika autengeneze upya. Timu ya watu wawili inayolipwa kwa mradi itaifanya kazi hiyo saa ngapi?

Hoja inayonisumbua zaidi ni nyingine, na huwa haisemwi sana. Kama msimbo umetokana na mchoro uleule uliozaa majaribio, kosa la mchoro liko pande zote mbili. Mchoro ukisema nafasi iliyothibitishwa haiwezi kufutwa, programu itakataa kufuta, jaribio litatarajia ikatae, na taa itawaka kijani. Umethibitisha kwamba programu inafanana na mchoro. Kama mchoro unafanana na biashara, hilo halijaguswa. (Mwanasayansi wa kompyuta Edsger Dijkstra alishasema kwamba majaribio huonyesha makosa yaliyopo, kamwe hayaonyeshi kwamba hayapo, hapa hata yaliyopo yamefichwa.) Ndiyo maana mchoro wa majaribio ni bora uchorwe na mtu mwingine, akiwa amekaa na mhasibu na yule dada wa mapokezi anayepokea simu za wateja waliokasirika.

Kwa hiyo sioni sababu ya kuchora mfumo mzima. Kurasa za picha za simba na fomu ya maoni zinatosha kujaribiwa kwa mkono. Malipo, ufutaji na urudishaji wa pesa ndiyo ningechora, maana huko kosa moja msimu wa Julai linakula faida ya safari nzima. Nao mchoro ukae pamoja na msimbo: akibadilisha mtu kanuni ya malipo bila kugusa mchoro, kazi yake irudishwe.