Mipangilio ya Usalama ya Intune: Kuichukua Yote au Kuchagua?

Microsoft Intune, huduma ya kusimamia kompyuta za kampuni kupitia wingu, huja na vifurushi vya mipangilio ya msingi ya usalama: cha Windows, cha Defender (kinga ya virusi), cha Edge (kivinjari) na cha programu za Microsoft 365. Fundi anafungua kifurushi, anakubali thamani zilizokwisha kujazwa, anachagua kundi la kompyuta, kazi imekwisha. Mafundi wanabishana kama kitumike kilivyo au kila ofisi ijipangie sera zake, kipengele kwa kipengele.

Wanaotaka kitumike kizima wana hoja nzito. Ofisi yenye mafundi wawili haina muda wa kupitia orodha ndefu namna ile, na mvamizi hupenya kwenye kipengele kilichosahaulika. Kifurushi kinafunga hata mlango ambao fundi hakujua upo.

Lakini waliokiandaa hawaijui ofisi yako. Chukua kipengele cha kupandisha mamlaka, yaani mtumiaji wa kawaida anapoomba kufanya jambo linalohitaji ruhusa ya msimamizi: kifurushi cha Windows kinakataa ombi moja kwa moja. Fundi anakuja kwenye meza ya mhasibu kuweka programu ya printa, anasubiri dirisha la kuandika nenosiri la msimamizi, na halitokei. Programu inagoma tu. Ukibadilisha ili nenosiri liombwe kwenye skrini salama (ile inayofunika kila kitu kingine), fundi aliye mezani anahudumiwa, ila anayesaidia kwa mbali mara nyingi haioni skrini hiyo. Lazima uamue mapema ofisi yako inasaidiana vipi.

Kuna pia flashi. Kifurushi kikishawekwa, flashi isiyofungwa kwa BitLocker (ufungaji wa data wa Windows) inasomeka lakini haiandikiki, hivyo anayebeba kazi kwenda kuchapa steshenari atakwama siku ya kwanza. Hifadhi za zamani za mtandao wa ofisi zisizoweza kutia saini mawasiliano ya SMB (njia ya Windows ya kushirikiana mafaili) nazo hukataliwa.

Tukio la Januari 13, 2023 limetumiwa na pande zote mbili. Sasisho bovu la Defender lilifanya kanuni mojawapo ya vifurushi hivi, ya kuzuia makro za Office (programu ndogo ndani ya nyaraka) kuita Win32 API (huduma za ndani za Windows), ifute njia za mkato za programu kwenye menyu ya Start na kwenye upau wa kazi. Programu zenyewe zilibaki. Walioathirika ni waliokuwa wameiweka kanuni hiyo kwenye hali ya kuzuia. Kwa waliokuwa kwenye hali ya kurekodi tu, bila kuzuia, njia za mkato hazikuguswa. Kwangu hilo si sababu ya kuzikimbia kanuni hizi. Ni sababu ya kuanza kwa kurekodi, wiki mbili au tatu, ukisoma kinachonaswa kabla ya kuruhusu kuzuia.

Kwa hiyo chukua kifurushi kizima, lakini kwa awamu. Anza na kompyuta kumi hivi, na mhasibu na mapokezi wawemo. Kompyuta za idara ya IT peke yake hazitakuonyesha tatizo. Usihukumu asubuhi ileile: kompyuta iliyokwisha kuandikishwa huwasiliana na Intune takriban kila baada ya saa 8, isipokuwa ukiilazimisha kusawazisha. Hakikisha ufunguo wa kufungulia BitLocker umefika Entra ID, huduma ya Microsoft ya akaunti za kampuni. Ripoti ikionyesha mgongano, maana yake kipengele kimoja kimewekwa kwenye sera mbili kwa thamani tofauti. Kibakize sehemu moja tu. Kosa hili ni la kawaida kwa anayeweka kifurushi juu ya sera alizotengeneza mwenyewe zamani.

Jambo linalowaumiza wengi ni kurudi nyuma. Kuitoa kompyuta kwenye kundi hakurejeshi kila kitu. Vipengele vingine hubaki vilivyo mpaka utume thamani iliyo kinyume. Andika thamani ya awali ya kila kipengele unachokibadilisha, na sababu yake, kabla hujabonyeza kuhifadhi.