Neno "uandishi" lisikupoteze

Mtoto wa dada yangu kamaliza kidato cha sita, mchepuo wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), na wiki iliyopita alinijia hapa Chake Chake, Pemba, na mwongozo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, wa kuombea chuo, ndani ya simu. "Mjomba, nataka niwe mwandishi, na nisomeshe pia." Alikuwa keshachagua: uandishi wa habari. Kwa nini? "Si ndio uandishi?"

Hapo ndipo wengi wanapopotea. Uandishi wa habari ni kazi na naiheshimu, lakini ni kazi ya kukimbilia mikutano na kutuma habari kabla ya magharibi. Anayetaka kuandika hadithi na kusimama darasani akiingia huko, atatoka hana somo la kusomesha. Mwalimu wa sekondari hutakiwa awe na masomo yake, kwa kawaida mawili, na awe amesomea ualimu wenyewe. Mwenye shahada tupu hurudi chuoni kutafuta stashahada ya uzamili ya ualimu: ada nyengine hiyo, na wakati mwengine.

Nikamwambia achukue shahada ya sanaa na ualimu, miaka mitatu, yaishe. Ubishi ukawa kwenye masomo. Yeye Kiswahili na Kiingereza. Mimi Kiswahili na Historia. Riwaya atazisoma hata bila mhadhiri, namjua, usiku halali. Lakini nani atamkalisha kitako asome habari za mashamba, majahazi na mikataba ya wakoloni? Mwandishi lazima awe na cha kuandika. Muhammed Said Abdulla, yule wa riwaya za mpelelezi Bwana Msa, alikuwa bwana afya kabla hajaingia magazetini. Abdulrazak Gurnah, mwandishi mzaliwa wa Zanzibar, alisomesha fasihi Chuo Kikuu cha Kent, Uingereza, mpaka akastaafu. Nobel ya fasihi ya 2021 ilimkuta na riwaya 10 na keshatoka kazini.

Nisimdanganye lakini. Ualimu unakula wakati. Mimi nilianza kazi na daftari la hadithi; huu mwaka wa 14, na zilizojaa ni kurasa 30. Madarasa mawili ya watoto sitini na kitu, insha moja kila mmoja, wiki nzima imekwenda na kalamu nyekundu. Na nyingi zinaanza vilevile: "Karafuu ni zao muhimu la biashara."

Miaka mitatu nyuma nikakutana na moja isiyoanza hivyo. Msichana kaandika usiku wa kuchambua karafuu: bibi kasinzia kitako juu ya jamvi, vidole vyake bado vinatenganisha karafuu na makonyo, vile vijiti vyake, na mjukuu mdogo anazichota taratibu karafuu za bibi anazitia kwenye pishi yake. Basi. Hakueleza kama ni vizuri au vibaya. Nilimpa 18 kwa 20, halafu nikaisoma tena na wivu ukanishika, mtu mzima mimi.

Nikamhadithia mpwa wangu. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Na yeye chuo kaenda kusomea nini?"

"Uuguzi."

Alicheka mpaka chai ikamwagika. Akaishika tena simu, akafuta uandishi wa habari pale juu, na hadi anaondoka nafasi ya kwanza ilikuwa tupu.