Tekno Ilikuwa Sanaa Kabla ya Kuwa Mkesha

Machi 2024 Ujerumani iliingiza utamaduni wa tekno wa Berlin, yaani muziki wa kucheza unaotungwa kwa mashine za kielektroniki, katika orodha yake ya taifa ya urithi usioshikika. Berlin inastahili, kwa kuwa imeulea muziki huu kwa miaka zaidi ya thelathini. Ila karibu kila habari niliyoisoma ilijaa kumbi, foleni za mlangoni na usiku usioisha. Waliotunga muziki wenyewe walipata mstari mmoja, au hawakupata kabisa.

Tekno ilitoka Detroit, Marekani, mikononi mwa vijana weusi. Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson walisoma pamoja sekondari huko Belleville, mji mdogo nje ya Detroit. Usiku walimsikiliza mtangazaji wa redio aliyejiita The Electrifying Mojo, aliyekuwa akipiga nyimbo za Parliament, kundi la fanki la Marekani, na za Kraftwerk, kundi la Kijerumani la muziki wa kielektroniki, bila kujali nani ni wa kabila gani la muziki. Atkins alimsoma Alvin Toffler, aliyeandika juu ya jamii itakayoendeshwa na habari na kompyuta, huku viwanda vya magari mjini kwao vikifungwa na maroboti yakichukua kazi za watu. Mwaka 1985, kwa jina la Model 500, akatoa “No UFOs” chini ya lebo yake mwenyewe, Metroplex. Mimi nikiusikiliza wimbo huo namsikia kijana aliyeishika mashine, ndugu wa ile iliyowanyang'anya wazee wake ajira, akaifanya iseme ya kwake.

Halafu ikavuka bahari. Mwaka 1988 ilitoka London santuri ya mkusanyiko wa nyimbo za Detroit, na muda si mrefu midundo ile ikawa chakula cha mikesha ya reivu: maghala, mashamba, vidonge vya ekstasi, maelfu ya vijana hadi jua linachomoza. Baada ya mkesha mkubwa wa Castlemorton, Mei 1992, serikali ya Uingereza ilichoka, na sheria ya mwaka 1994 ikaueleza muziki wa mikusanyiko hiyo kuwa ni mfululizo wa midundo inayojirudia. Kundi la Autechre lilijibu kwa kutoa kipande kilichotungwa makusudi ili mdundo wake usijirudie. Jibu zuri sana. Kinachoniuma ni kwamba wachezaji wengi wa reivu nao waliusikia muziki kama ilivyousikia sheria ile: mdundo, basi.

Wakati huohuo Detroit kulikuwa na Underground Resistance, kundi la Mike Banks na Jeff Mills, watu waliofunika nyuso zao ili santuri ijisemee yenyewe. Na kulikuwa na kundi la Drexciya. Hawa ndio ninaowatetea popote nilipo. James Stinson, aliyefariki 2002, na Gerald Donald walitunga taifa zima chini ya Atlantiki. Maelezo yaliyoambatana na albamu yao ya 1997, The Quest, yanauliza: wanawake wajawazito wa Kiafrika waliotupwa baharini kutoka katika meli za watumwa, je, kama watoto wao walizaliwa wakiwa hai humo majini, wakaendelea kupumua na kuishi? Nyimbo zao nyingi hazina hata neno moja la kuimbwa. Besi inabubujika, ngoma zinakimbia, nawe unajua kabisa uko kilindini, na kwamba waliokuzunguka ni watu wako. Kuna fasihi ngapi zimefika hapo bila maneno?

Najua nitakachoambiwa: bila reivu wasanii hawa wangekula nini? Ni kweli. Ukumbi wa Tresor, uliofunguliwa Berlin mwaka 1991 ndani ya chumba cha chuma cha duka kuu la zamani, ulianzisha lebo yake kwa kazi ya watu walewale wa Underground Resistance. Ulaya ilinunua santuri ambazo Marekani yenyewe haikuzitaka. Wala siamini kwamba kucheza kunaishushia tekno hadhi. Pale Music Institute, klabu ya Detroit ya mwaka 1988, watu walicheza usiku kucha bila pombe kuuzwa, na waliokuwa wakicheza ndio hasa waliokuwa wakisikiliza.

Ugomvi wangu ni juu ya nani anamtumikia nani. Mkesha ukishika usukani, wimbo hupimwa kwa kasi yake na kwa namna unavyorusha umati; utulivu, huzuni na kisa hukatwa kwa sababu vinachelewesha. Naanza kuliona hilo hata kwa singeli yetu ya Dar es Salaam. Tangu mkusanyiko wa nyimbo za singeli uitwao Sounds of Sisso ulipotoka mwaka 2017, matamasha ya Ulaya yanaialika, nayo husifiwa kwa kasi, kasi, kasi, kana kwamba waliotunga hawana lingine la kusema.

Detroit, kwenye barabara ya East Grand Boulevard, Underground Resistance wana makumbusho ya tekno ndani ya jengo lao, yaitwayo Exhibit 3000. Waliyaanzisha wenyewe. Wanaogawa fedha na heshima za urithi waende na huko, na majina ya waliotunga yaandikwe kabla ya majina ya kumbi.